Maisha ya Livingstone: nani aliona, nani aliandika?

Nani kati yetu hajasikia jina la David Livingstone? Lakini tukisoma maisha ya mtu mkubwa, inafaa tuulize: nani aliona, na aliandika wakati gani?

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka wa 1813. Wazazi walikuwa maskini, basi akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Halafu akasoma udaktari, na mwaka wa 1841 akafika Afrika ya Kusini kama misionere.

Hadithi yake inayojulikana zaidi ni ile ya Ujiji, mwaka wa 1871: Stanley anamkuta, anamsalimia kwa maneno machache ambayo watu wanayarudilia mpaka leo. Sasa, nani aliyatuletea? Ni Stanley mwenyewe. Livingstone alipoandika habari ya mkutano ule hakuyataja. Tena katika daftari la Stanley kurasa za siku ile zilipasuliwa! Hata tarehe hazipatani: Stanley anasema 10 Novemba, hesabu ya Livingstone inaangukia Oktoba. Basi, kukutana walikutana. Lakini ile salamu, hapana uhakika.

Habari nyingine inatugusa zaidi, maana ilitokea kwetu Kongo. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Maniema. Watu wa wafanya biashara wa pwani wakapiga bunduki sokoni. Wanawake walikuwa wengi pale. Wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama.

Siku zile karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa matunda ya miti. Baadaye akanakili yote katika daftari kubwa. Tarehe 1 Mei 1873 alikufa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakabeba mwili na maandiko yake mpaka pwani, na mwaka wa 1874 rafiki yake Horace Waller akayatoa kitabu. Habari za siku za mwisho Waller alizipata kwa vinywa vya Susi na Chuma.

Wino ule wa matunda ulififia, watu wakasoma kitabu tu. Mwaka wa 2011 wataalamu walifaulu kusoma tena karatasi zile kwa mianga ya namna mbalimbali. Mauaji ni kweli kabisa. Kumbe lawama kali alizoandika juu ya wapagazi wake mwenyewe, katika nakala zilipunguzwa! Na hesabu ya wafu, 330 mpaka 400, hakuihesabu yeye; ni ile waliyotoa wafanya biashara wenyewe.

Je, tunamvunjia heshima? Hapana. Mkristo hasaidii kweli kwa uongo. Wale wa Nyangwe hawakuacha daftari. Tukitia chumvi katika habari yao, kesho nani atasadiki hata ile iliyo ya kweli?

Basi, ndugu, ukiandika maisha ya wainjilisti wa kwanza wa kwenu, usisahau kuandika nani alikupasha habari, na kama aliona yeye mwenyewe ao alisikia tu.