Mosin: Fundi aliyenyimwa jina kwenye bunduki yake

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo kati ya Kismayo, Liboi na Lamu hanunui gunia kabla ya kusoma chapa yake. Silaha nazo zina chapa. Bunduki za Kisovieti zilizoingia Somalia tangu miaka ya 1960 zimepigwa alama ndogo kwenye chuma: nyota yenye mshale ndani ni ya kiwanda cha Tula, na mshale ndani ya pembetatu ni wa Izhevsk. Viwanda hivyo viwili vilitengeneza kwa mamilioni bunduki ya mtu mmoja ambaye jina lake halikuandikwa juu yake. Mtu huyo ni Sergei Ivanovich Mosin.

Mosin alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Ramon, mkoa wa Voronezh, kusini mwa Urusi. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo. Baba yake, mwanajeshi mstaafu asiye na mali, alimpeleka shule ya kijeshi, na kijana akasomea mizinga. Mwaka 1875 alimaliza chuo kwa alama za juu na kupelekwa kiwanda cha Tula, ambako alisimamia karakana ya vifaa.

Huko Tula alimpenda Varvara, mke wa mtu aliyekuwa amemtelekeza pamoja na watoto. Mosin alimwita mume yule wapigane kwa silaha, akaadhibiwa na wakubwa wake kwa kufungiwa nyumbani. Mwishowe mume alitaja bei ya kukubali talaka: rubo 50,000. Kwa mshahara wa ofisa, fedha hizo zilikuwa mlima. Wakati huohuo kampuni moja ya Ufaransa ilitaka kununua ubunifu wake wa kasha la risasi. Alikataa kuuza nje ya nchi yake.

Mwaka 1891 bunduki yake ilishindanishwa na ile ya Léon Nagant wa Ubelgiji. Tume ilichagua ya Mosin, lakini ikachukua pia baadhi ya sehemu za Nagant. Nagant alilipwa rubo 200,000. Mosin alipata rubo 30,000. Mfalme Alexander III aliidhinisha silaha hiyo bila jina la mtu yeyote: ikaitwa tu bunduki ya mistari mitatu. Mstari ulikuwa kipimo cha sehemu ya kumi ya inchi, na mistari mitatu ni milimita 7.62, kipimo kinachojulikana hadi leo.

Mosin alisononeka, lakini mwaka huohuo alilipa deni la talaka na kumwoa Varvara. Mwaka 1894 alifanywa mkuu wa kiwanda cha Sestroretsk, karibu na Saint Petersburg. Alifariki huko mwaka 1902 kwa kichomi, akiwa jenerali. Jina lake lilianza kutajwa rasmi pamoja na bunduki yake baada ya Wasovieti kushika madaraka.

Bunduki zenyewe zilizidi milioni 30, na kila moja inabeba historia yake. Juu ya mtutu kuna alama ya kiwanda, mwaka na namba. Zile zilizotekwa na kutumiwa na jeshi la Ufini zina herufi SA ndani ya kisanduku. Baada ya vita nyingi zilirudishwa karakana, zikakarabatiwa, zikapigwa mraba wenye mstari wa mshazari na kuwekwa ghalani. Sehemu ambazo namba zake hazikulingana zilifutwa na kupigwa namba mpya. Kwa hiyo namba zinazofanana si ushahidi kwamba sehemu zote zilizaliwa pamoja.

Silaha zilizofika Kismayo kwa wingi zilikuwa za kizazi kilichofuata, hasa AK, lakini urithi wa Mosin haukuachwa nyuma. Risasi iliyopitishwa pamoja na bunduki yake mwaka 1891 ndiyo inayotumiwa hadi leo na bunduki ya rashasha ya PKM, inayofungwa juu ya magari ya wanamgambo.

Wasovieti walifukuzwa Somalia Novemba 1977. Silaha zao zilibaki. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maghala yalifunguliwa na chuma kikaenda kwa yeyote mwenye nguvu. Wabajuni wa Koyama, Chovai na Chula, wavuvi wasio na jeshi, waliporwa mashua na nyavu, na wengi wakakimbilia Lamu na Mombasa. Bunduki zilizowatoa visiwani zilikuwa na chapa za viwanda. Hakuna chapa iliyosema zilipita mikono ya nani.

Pengo hilo ndilo Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inalotaka kuziba: silaha ipigwe alama inapotengenezwa, na tena inapoingizwa nchini. Tangu Machi 2024 Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mosin alifanya kazi, jina likafutwa. Katika pwani ya Kismayo, waliouza na waliobeba ndio majina yao hayakuandikwa popote, na Mbajuni aliyepoteza mashua yake bado hajui amdai nani.