Paul Brand, munganga wa ukoma aliyeokoa miguu ya wagonjwa wa kisukari

Munganga mpasuaji Paul Brand, Mwingereza aliyefariki Julai 8, 2003 mjini Seattle, Marekani, akiwa na umri wa miaka 88, anajulikana zaidi kwa kutibu ukoma. Lakini wenye ugonjwa wa kisukari nao wana deni kwake.

Alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, kusini mwa India, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari. Alisomea uganga London, na mwaka 1946 akarudi India kufundisha upasuaji katika chuo cha Vellore. Wakati ule wengi waliamini kwamba nyama ya mkoma huoza yenyewe. Brand aliona jambo lingine. Ugonjwa huua neva, mguu unakufa ganzi, na mtu anakanyaga msumari au kutembea juu ya kidonda bila kuchechemea. Kinachomlemaza ni kukosa maumivu.

Siku moja, baada ya safari ndefu ya meli na treni, alifika London, akavua soksi na kukuta kisigino chake hakisikii kitu. Alikichoma kwa sindano, hakuumia. Usiku kucha aliamini ameambukizwa ukoma. Asubuhi alichoma tena, akasikia maumivu, akamshukuru Mungu: neva ilikuwa imebanwa tu kwa kukaa muda mrefu. Tangu hapo alifundisha kwamba maumivu ni zawadi.

Mwaka 1966 alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, jimbo la Louisiana. Huko aligundua kuwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari vinafanana na vile vya wakoma. Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana, huku sukari ikiharibu neva na mishipa ya damu polepole.

Walio katika hatari kubwa ni wenye ganzi miguuni, wale ambao damu haifiki vizuri kwenye nyayo, waliowahi kupata kidonda au kukatwa kidole, wenye vidole vilivyopinda au ngozi iliyokuwa sugu, na wanaovaa viatu vinavyobana. Sigara na sukari isiyodhibitiwa huongeza hatari hiyo.

Mbele ya kidonda cha unyayo, Brand hakutegemea dawa peke yake. Aliufunga mguu kwa plasta ngumu, kama ya mtu aliyevunjika mfupa, ili uzito usiangukie mahali pamoja. Alifundisha pia kupapasa mguu: sehemu yenye joto kuliko nyingine inaonya kabla ngozi haijapasuka.

Alistaafu mwaka 1986, lakini mafundisho yake yanafaa mpaka leo. Mguu usiosikia unahitaji macho na mikono ya mwenyewe: kutazama nyayo na katikati ya vidole kila siku, kuingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kutotembea peku, na kwenda hospitali mara moja kidonda kinapoonekana, hata kama hakiumi.