Yusuf bin Hasan na Ngome ya Mvita

Katika watu waliopata kutawala Mombasa hakuna ambaye habari zake zataka kuangaliwa kwa mizani ya haki kuliko Sultan Yusuf bin Hasan. Wako wamsifuo bila ya kuuliza alilolitenda, na wako wamlaanio bila ya kuuliza alilotendwa. Sisi twapenda kuyaeleza mambo yote mawili, kwani jina lake litajwapo barazani hutajwa kwa ushujaa peke yake, na ushujaa si wote wa namna moja.

Babake, Sultan Hasan bin Ahmad, alikuwa wa ukoo wa Malindi, ukoo ulioshikana na Wareno tangu zamani dhidi ya Mombasa. Wareno walipoushinda mji wa Mvita na kuanza kujenga ngome yao mwaka 1593, waliwaleta masultani wa Malindi wakae hapa, wawe wafalme chini ya bendera ya Ureno. Urafiki huo ulikuwa na malipo yake. Makapteni wa ngome walitaka mali, na sultani alitaka heshima yake na fungu lake la ushuru. Ugomvi ukazidi hata Sultan Hasan akakimbilia bara. Mwaka 1614 akauawa upande wa Rabai na watu wa huko waliokuwa wamehongwa nguo na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Haya ndiyo malipo aliyoyapata mwana wa rafiki yao mkubwa kuliko wote katika pwani hii.

Yusuf alikuwa mtoto wa kama miaka saba. Akachukuliwa, akapelekwa Goa kwa mapadri wa Augustino, akabatizwa na kuitwa Jerónimo Chingulia. Akasomeshwa Kireno na dini ya Kikristo, na alipokua akatiwa katika merikebu za vita. Huko akajifunza upigaji wa mizinga, akawa hodari wa kazi hiyo, na akapigana upande wa Ghuba ya Uajemi katika jeshi la Wareno. Akaozwa mke Mkristo. Wareno wakaona wamekwisha kumfinyanga kama walivyotaka, na mwaka 1626 wakamrejesha Mombasa awe sultani.

Hebu tumtazame mtu huyu. Amerudi mji wa baba zake hali ya kuwa Waislamu wa mji wamwona Mkristo, na Wareno wamwona Mswahili tu. Makapteni wa ngome hawakumpa heshima ya ufalme ambayo Goa ilimwahidi. Dhuluma zilizomtoa babake mjini zilikuwa zingalipo. Mashahidi wa Kireno wenyewe wameeleza kwamba alionekana kwa siri katika kaburi la babake akisali sala ya Kiislamu, na habari hiyo ikafikishwa kwa Kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Yusuf akafahamu kwamba atakamatwa na kupelekwa Goa, naye alikuwa akijua vyema nini kilichotangulia kufika Goa kutoka katika nyumba yao.

Hakungoja. Katikati ya Agosti 1631, katika siku za sikukuu ya Wareno ya Bibi Maryamu, aliingia ngomeni pamoja na watu wake kama mtu anayekwenda kuamkia. Mlango ulifunguliwa, kwani ni nani atakayemfungia sultani? Akamwua kapteni kwa mkono wake, na watu wake wakaishika ngome. Kuta ambazo fundi Mtaliana Cairati alizipanga zisiingilike kwa mizinga ziliingiwa kwa miguu, kwa salamu. Kisha akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu, na jina la Jerónimo akalitupa.

Laiti habari ingalikoma hapo. Nyumba za Wareno zilizokuwa katika njia waliyoiita Raposeira, ambayo leo ni Ndia Kuu, zilitiwa moto, nao wakakimbilia nyumba ya watawa wa Augustino. Baada ya siku chache walitolewa humo, wakatakiwa waingie Uislamu, na waliokataa wakauawa: wanaume, wanawake, watoto na mapadri, kiasi cha watu mia na hamsini wa Kireno, pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa. Kweli, habari hizi zimetoka kwa mashahidi waliohojiwa na kanisa huko Goa, nao walikuwa na kusudi lao. Lakini hatuoni njia ya kulikanusha jambo lenyewe. Sheria yetu imekataza kuua wanawake na watoto, imewakinga watawa, na imekataa kumlazimisha mtu dini. Dhuluma aliyofanyiwa Sultan Hasan haikuwa na mwana mchanga wa Kireno ndani yake. Mwenye kumsifu Yusuf kwa siku ya ngome hana budi kuikiri siku ya nyumba ya watawa.

Januari 1632 likaja jeshi kubwa kutoka Goa chini ya Francisco de Moura, kuitwaa tena ngome. Hapa ndipo ulipoonekana ustadi wake wa vita. Mizinga ilikuwa ya Wareno, na mpigaji alikuwa amefundishwa na Wareno. Wakaizingira ngome zaidi ya miezi miwili, na mishale na risasi zikawapunguza, hata mwezi wa Machi wakapakia watu wao wakaondoka bila ya kuipata. Katika zama zile kushindwa namna hiyo kwa jeshi la Goa lilikuwa jambo la aibu kubwa kwao.

Hata hivyo Yusuf hakukaa. Alijua watarudi kwa nguvu zaidi. Mwezi wa Mei 1632 akabomoa alichoweza kubomoa, akachukua mizinga, akapanda merikebu aliyowateka Wareno, akaelekea Arabuni. Tangu hapo akawa mtu wa bahari, akiziwinda merikebu za Ureno, akionekana mara Bukini, mara Ngazija, hata akafa upande wa Bahari ya Shamu mwaka 1638.

Wareno walirudi ngomeni Agosti 1632, wakaikuta tupu, wala hawakusimamisha sultani mwingine Mvita. Hesabu walilipishwa waliobaki. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliijenga upya ngome, na akaandika maneno juu ya mlango wake, nayo yangalipo mpaka leo, mwenye kuingia ngomeni aweza kuyaona. Humo anajisifu kwamba amebomoa kuta za Pate na Siyu, amewatoza watu wa pwani, na amewaua wakubwa wa Pemba kwa amri yake mwenyewe. Yusuf hakutajwa kwa jina lake. Ameitwa mfalme dhalimu tu.