Mfanya magendo ya wiski aliyejenga hoteli juu ya mti

Mchele wa pishori unaopikiwa pilau na biriani katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu hutoka Mwea, na soko lake liko Wang'uru, mji ulio kusini ya Mlima Kenya. Asimamaye Wang'uru alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, huziona theluji zake waziwazi. Na akiuzunguka mlima huo kwa upande wa magharibi, akapita Karatina, hufika Nyeri. Huko ndiko alikofanya makao Mwingereza mmoja ambaye hoteli yake ilipata sifa dunia nzima, lakini asili ya mali yake ni wachache waijuao. Jina lake ni Eric Sherbrooke Walker, na mali hiyo ilitokana na wiski ya magendo.

Walker alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Birmingham, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, naye mwenyewe alisoma hata akafika chuo kikuu cha Oxford. Mwaka 1908 alipata kazi ya ukatibu kwa Baden-Powell, yule mwanzilishi wa Skauti, na urafiki wao ulidumu mpaka kifo kilipowatenganisha. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Walker alijiunga na jeshi la ndege. Ndege yake ikaangushwa, akatekwa na Wajerumani, naye akajaribu kutoroka mara kadha wa kadha. Baada ya vita alikwenda Urusi pamoja na Waingereza waliowasaidia wapinzani wa Wabolsheviki, na huko akatunukiwa nishani ya ushujaa.

Aliporudi kwao alikuwa na sifa, lakini mfukoni hamkuwa na kitu. Na hapo alikuwa amekwisha kumpenda Bibi Bettie Feilding, binti wa Lordi wa Denbigh. Kumposa binti wa ukoo kama huo bila ya mali si jambo jepesi, kwao wala kwetu. Basi akatazama wapi fedha hupatikana upesi, akaona njia moja: Marekani.

Mwezi wa Januari 1920 Serikali ya Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kuingiza pombe katika nchi nzima. Sheria ilipita, lakini kiu ya watu haikupita. Chupa iliyouzwa kwa bei ya kawaida Uskochi ilipata bei kubwa mno New York, na kila penye bei ya namna hiyo hapakosi wa kupeleka.

Hapa yafaa tuieleze bidhaa yenyewe, maana wasomaji wetu wengi hawaijui ila kwa jina, na heri yao. Wiski ya Uskochi iliyo bora hutengenezwa kwa shayiri peke yake. Nafaka hiyo hurowekwa mpaka ikachipua ikawa kimea, kisha hukaushwa, na mahali pengine hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa vinamasi ambao huwaka kama kuni. Kimea husagwa, huchachushwa, kisha hukenekwa katika vyungu vikubwa vya shaba, kwa kawaida mara mbili. Namna ya kukeneka ni ile ile ambayo wazee wetu waliijua kwa marashi ya mawaridi: mvuke hupanda, hupoa, hudondoka tone tone. Elimu hiyo iliendelezwa sana na wanavyuoni wa Kiarabu kwa ajili ya manukato na dawa, na hata jina la chombo chenyewe Wazungu walilipokea kutoka Kiarabu. Wao wakaigeuzia matumizi mengine.

Kinachokenekwa huwekwa katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na mara nyingi 10 au zaidi. Ikiwa yote imetoka kiwanda kimoja na ni ya kimea kitupu, hiyo ndiyo ambayo mashabiki wake huisifu, wakisema kila bonde na kila kisiwa kina harufu yake, huku moshi, huku asali, huku chumvi ya bahari. Lakini siku za Walker wiski ya namna hiyo ilinywewa zaidi Uskochi kwenyewe. Nyingi iliyovuka bahari ilikuwa ya kuchanganywa. Ile ya kiwanda kimoja ilianza kutafutwa duniani tangu miaka ya 1960.

Magendo yenyewe yalikwenda hivi. Meli zilipakia Uingereza, au zilichukua mzigo katika visiwa vya Bahama na kisiwa cha Saint-Pierre cha Wafaransa karibu na Kanada. Zikafika karibu na pwani ya Marekani zikatia nanga nje ya maili 3, mahali ambapo sheria ya nchi haikufika. Mwaka 1924 mpaka huo ukasogezwa mbali zaidi, mwendo wa saa moja baharini. Usiku mashua za kasi zilitoka bara zikaja kuchukua. Kwa kuwa masanduku ya mbao yalikula nafasi, chupa zilifungwa sita sita kwa majani makavu, zikashonewa katika gunia. Ajuaye habari za majahazi na magendo ya hapa kwetu hatashangaa. Hatari haikuwa askari wa forodha tu. Walikuwako wanyang'anyi walioingia melini na bunduki, wakachukua mzigo na fedha pamoja.

Walker aliifanya biashara hiyo miaka kadha, akaponea chupuchupu zaidi ya mara moja. Mwaka 1926 alimwoa Bibi Bettie, na wakahamia Kenya. Baadaye kidogo alitoa kitabu cha kuungama mambo yake, lakini hakuthubutu kuweka jina lake. Alijiita James Barbican.

Mwaka 1928 mume na mke walifungua hoteli mjini Nyeri, juu ya mto Chania, ikitazamana na Mlima Kenya. Wakaiita Outspan, yaani mahali pa kuwafungua ng'ombe wa gari nira baada ya safari ndefu. Mwaka 1932 wakajenga chumba cha miti juu ya mugumo mkubwa katika msitu wa Nyandarua, ili wageni wakeshe wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Hiyo ndiyo Treetops. Baden-Powell, bwana wake wa zamani, alikuja kujenga nyumba ndogo katika kiwanja cha Outspan mwaka 1938, na Januari 1941 akafariki, akazikwa Nyeri. Na usiku ule wa Februari 1952 ambapo Mfalme George wa Sita alifariki, binti yake Elizabeth alikuwa juu ya mti huo. Alipanda akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, naye hana habari.

Sasa na tulitazame jambo moja. Mtu huyu alipata mali kwa kuvunja sheria ya nchi iliyoharimisha pombe. Kisha akaja kufungua hoteli katika koloni ambako sheria iliwakataza Waafrika kugusa wiski na pombe kali za Kizungu, ilhali Mzungu aliziagiza barazani apendavyo. Hata muratina, pombe ya wazee wa Kikuyu, ikawekewa vibali vya serikali. Mtumishi wa hoteli aliibeba chupa juu ya sinia, akaimimina, akairudisha, na kama angaliionja angalishtakiwa. Sheria hiyo haikumhurumia mtumishi kwa madhara ya ulevi. Ilimhesabu kuwa mtoto.

Sisi tunaoamini kwamba pombe ni haramu tuna la kujifunza hapo. Madrasa tulifundishwa kwamba katazo lilipofika Madina, watu waliimwaga pombe yao mpaka ikatiririka njiani, wala hapakuwa na askari wa forodha. Marekani iliweka askari, meli na magereza, na baada ya miaka 13, mwaka 1933, ikaifuta sheria yake. Katazo la Madina lilikuwa la wote, tajiri na maskini, na lilikuwa moyoni. La Marekani lilikuwa karatasini, na mwenye fedha alikunywa. La Kenya lilikuwa la rangi ya ngozi.

Mwezi wa Mei 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, Treetops ilichomwa moto ikawa majivu. Walker aliijenga upya mwaka 1957, kubwa kuliko ya kwanza. Mwaka ule ule wa 1954, upande wa pili wa mlima, serikali ya kikoloni ilianza kazi ya mashamba ya mpunga Mwea, na mifereji ya kuleta maji ya mito Thiba na Nyamindi ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu wa vita hivyo hivyo.

Walker alifariki mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 88. Hatukatai kwamba alikuwa hodari, mvumilivu na mkarimu kwa wageni wake. Jina lake limo katika vitabu vya watalii. Wale waliochimba mifereji hawamo, na kila sinia la pilau ya pishori linaloandaliwa Pwani linapitia kwanza katika maji yao.