John Kemeny: Mwalimu Aliyewafungulia Wanafunzi Wote Mlango wa Kompyuta

John Kemeny alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1926. Mwaka 1940 familia yake ya Kiyahudi ilikimbilia Marekani. Babu yake alikataa kuondoka, akaangamia katika mauaji ya Wayahudi. Kijana huyo baadaye alikuwa msaidizi wa Albert Einstein, na mwaka 1953 akaanza kufundisha hisabati Chuo cha Dartmouth.

Enzi hizo programu zilitobolewa kwenye kadi, na aliyekosea alama moja tu aliweza kusubiri hata siku nzima kabla ya kulijua kosa lake. Kwa mwendo huo, ni wachache mno waliojifunza. Kemeny na mwenzake, Thomas Kurtz, hawakuridhika kuona wanafunzi wa historia na fasihi, ambao wengi wao wangeshika madaraka kesho, wakiachwa nje. Wakabuni BASIC, lugha nyepesi ya kompyuta, pamoja na mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Programu za kwanza zilifanya kazi saa 10 alfajiri, Mei 1, 1964.

Hata alipokuwa Rais wa chuo hicho, 1970 hadi 1981, hakuacha kufundisha. Alifariki dunia Desemba 26, 1992.