MAISHA YA OTTO DIX, MWALIMU NA FUNDI WA PICHA

Mara nyingi tukisema juu ya watu wakubwa wa Ulaya tunataja majenerali na wafalme. Mara hii tunawaletea habari za mutu aliyeshika burosi ya rangi tu. Lakini wenye nguvu wa inchi yake walimuogopa sana mpaka wakamufukuza kazini. Tuone sababu gani.

Otto Dix alizaliwa tarehe 2 Desemba 1891 kule Untermhaus, karibu na muji wa Gera, katika Ujerumani. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha chuma, mama yake alikuwa mushonaji wa nguo. Hawakuwa watajiri. Alipomaliza masomo ya kwanza, wakamuweka kwa fundi wa kupaka rangi kuta za nyumba, na pale akajifunza kazi miaka mine, tangu 1905 mpaka 1909. Kisha akapata musaada wa feza za masomo, akaingia katika shule ya ufundi ya Dresden katika mwaka 1910.

Vita kubwa ya 1914 ikaanza. Dix hakungojea kuitwa, alijitolea yeye mwenyewe, sababu alitaka kuona kila kitu kwa macho yake. Katika mizigo yake alibeba Biblia na kitabu cha Nietzsche. Kumbe, aliyoyaona yalipita mawazo yake yote. Aliongoza kikundi cha askari wenye bunduki kubwa ya kupiga risasi mfululizo, na katika 1916 alikuwa kule Somme, katika Ufaransa, pahali watu wengi sana walikufa. Walikaa ndani ya mashimo marefu yenye matope, pamoja na panya, njaa na sumu ya gazi. Wakamupa nishani ya chuma. Katika 1918 akaumizwa shingoni, lakini hakukufa.

Nyuma ya vita, wengi walitaka kusahau. Yeye hakuweza. Miaka mingi katika ndoto zake alijiona anatambaa ndani ya nyumba zilizobomoka. Basi akaanza kutoa nje mambo yale kwa mikono. Katika 1923 akamaliza picha kubwa ya shimo la vita, yenye maiti za askari zilizopasuka. Nyumba ya picha ya muji wa Köln ikataka kuinunua, lakini watu wakapiga makelele, na meya wa muji, Konrad Adenauer, akakataa. (Ni yeye aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Ujerumani ya Magharibi kuanzia 1949.) Picha ikarudishwa. Katika 1924 Dix akatoa picha 50 ndogo juu ya vita, alizochora kwenye sahani za chuma na kuzichapa kwenye karatasi.

Kuanzia 1927 akakuwa profesa katika chuo kikuu cha ufundi wa picha kule Dresden. Hapo mutoto wa mufanyakazi wa kiwanda akafundisha wengine. Yeye mwenyewe alifuata namna ya mafundi wa zamani: kupaka rangi nyembamba juu ya mbao, kungojea ikauke, kisha kupaka tena, mara nyingi. Hii ni kazi ya uvumilivu. Kwa namna hiyo akatengeneza tangu 1929 mpaka 1932 picha yake kubwa kupita zote juu ya vita. Iko na sehemu tatu sawa picha za mazabahu ya kanisa za zamani, na ingine chini. Upande wa kushoto askari wanakwenda katika ukungu wa asubuhi. Katikati kila kitu kimeharibika. Upande wa kuume mutu mumoja anakokota mwenzake aliyeumizwa, na mutu yule ana sura ya Dix mwenyewe. Chini kuna askari wamelala, na hatujui kama ni usingizi ama kifo.

Katika 1933 Wanazi wakashika utawala. Dix alikuwa katika maprofesa wa kwanza kufukuzwa. Walisema ya kwamba picha zake zinaharibu tabia njema na kulegeza moyo wa watu wa kupigana. Tuangalie vizuri: waliomuhukumu hivi walikuwa wanatayarisha vita ingine. Katika 1937 wakakusanya picha walizozichukia na kuzionyesha kule München ili watu wazicheke. Ile picha ya shimo ilikuwamo, na kisha ikapotea. Picha zake karibu 260 ziliondolewa katika nyumba za picha za serikali. Ile ya sehemu tatu yeye aliificha.

Akahamia na muke wake Martha na watoto watatu kando ya ziwa Konstanz, akachora milima na miti. Katika 1939 wakamufunga siku chache. Katika 1945, akiwa na miaka 53, wakamupeleka tena vitani, Wafaransa wakamushika, akakaa mufungwa kule Colmar. Hata pale akachora picha kwa ajili ya kanisa la wafungwa. Akarudi nyumbani katika 1946. Katika 1960 akatoa picha 33 juu ya Injili ya Matayo. Alikufa tarehe 25 Julai 1969 kule Singen.

Leo picha ya sehemu tatu iko Dresden, katika muji ule ule walipomufukuza. Majina ya wale waliotia sahihi barua ya kumufukuza, ni nani kati yetu anayeyajua? Sisi tunajifunza hapa neno moja: mwenye kuonyesha kidonda si yeye aliyekifanya. Wakati mwenzetu anapoleta habari ya kweli isiyopendeza, tusikimbilie kumufunga kinywa. Tuulize kwanza kama aliyosema ni ya kweli.