Karoli Lwanga na Njia ya Namugongo

Ndugu msomaji, simama hapa kilimani Nyanchwa asubuhi moja kabla ya kengele, utazame mji wa Kisii ulivyolala pale chini. Sasa chukulia kwamba umeambiwa hivi: leo hakuna matatu. Shika fimbo na chupa ya maji, uende kwa miguu mpaka Oyugis, kisha Kisumu, kisha Busia. Uvuke mpaka, upite Bugiri na Iganga, uvuke mto Nile pale Jinja, ukate msitu wa Mabira, mpaka ufike mahali paitwapo Namugongo, karibu na Kampala. Hizo ni zaidi ya kilomita 400. Bila shaka utamwona anayekutuma kuwa ana wazimu.

Lakini wapo wanaokwenda. Kila mwaka mwezi wa Mei, Wakenya kwa makundi huvuka Busia na Malaba kwa miguu, rozari mkononi, malapa yamekwisha, vidole vimevimba, na wanaimba! Wanataka kufika kabla ya tarehe 3 Juni. Mambo haya hayakuanzia kwetu. Wazungu wa zamani walikuwa wakitembea miezi kwenda Rumi kuhiji, na mpaka leo wako wanaoifuata ile njia yao ya kale, Via Francigena, inayotoka Canterbury kule Uingereza na kukata mashamba na vilima vya Italia. Askofu mkuu mmoja, Sigeric, aliipita karibu na mwaka 990 na vituo alivyolala viliandikwa kimoja kimoja. Ila wale wa Rumi wanakwenda kwenye makaburi ya mitume. Hawa wetu wa Namugongo wanamwendea nani? Wanawaendea vijana, wengi wao wa rika letu, pamoja na kiongozi wao. Huyo kiongozi ndiye ninayetaka kumsimulia leo.

Karoli Lwanga alizaliwa katika nchi ya Buganda karibu na mwaka 1860. Habari za utoto wake ni chache. Alikulia katika utumishi wa chifu mmoja jina lake Mawulugungu, na huko ndiko alikoanza kusikia mafundisho ya dini mpya. Alikuwa kijana mrefu, mwenye nguvu, hodari wa mieleka. Mwaka 1884 akaja kuingia utumishi wa ikulu.

Hapa wanachama wenzangu wa Kiswahili mtegeshe masikio. Dini ilipoingia Buganda ilipitia mlango wa lugha yetu. Kabaka Mutesa alikijua Kiswahili kutokana na wafanyabiashara wa pwani, na wamisionari wa kwanza, akina Alexander Mackay wa Kianglikana, walianza kwa kufundisha na kusoma maandiko kwa Kiswahili kabla Kiganda hakijapigwa chapa. Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kwa Waganda wa siku hizo kusali na kusoma lilikuwa neno moja. Vijana wa ikulu walijificha nyuma ya uzio wa matete wakiwa na vikaratasi, wakifundishana herufi kama sisi tunavyojificha na tochi baada ya taa kuzimwa. Tofauti ni kwamba sisi tukikamatwa tunalima shamba.

Mapadre Wakatoliki, akina Padre Lourdel, walifika mwaka 1879. Waganda walimwita Mapeera. Mwaka 1882 wakaondoka kwa sababu ya hatari, wakakaa kusini ya ziwa mpaka 1885. Je, Ukristo ulikufa walipoondoka? La hasha! Uliongezeka, kwa maana Waganda wenyewe waliushika. Mkuu wao kati ya Wakatoliki wa ikulu alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa nyumba ya Kabaka, na Lwanga akawa kama msaidizi wake.

Mwezi wa Oktoba 1884 Mutesa akafa, na mwanawe Mwanga akarithi kiti akiwa kijana wa miaka kama 16 hivi. Kwa umri huo, hapa shuleni angekuwa kidato cha pili. Watu wengi humsimulia Mwanga kama shetani tu, basi. Mimi nadhani ni lazima tuseme yote. Alikuwa mtawala mchanga mwenye hofu. Pwani Wajerumani walikuwa wakinyakua nchi. Tena kulikuwa na imani ya zamani kwamba watakaoimeza Buganda watatoka mashariki, kupitia Busoga. Na nani akaja akitoka mashariki? Askofu James Hannington, aliyetoka pwani, akapita Kavirondo, ndiyo nchi yetu hii ya magharibi ya Kenya, akaingia Busoga. Tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa huko kwa amri ya Mwanga.

Balikuddembe alimwendea Kabaka akamwambia usoni kwamba haikuwa haki kumwua mgeni bila hata kumsikiliza. Pia alikuwa amemkasirisha kwa jambo jingine: Mwanga alizoea kuwaita vijana wadogo wa ikulu na kuwataka kimwili, na Balikuddembe alikuwa akiwaficha. Tarehe 15 Novemba 1885 akakatwa kichwa na mwili wake ukachomwa pale Nakivubo.

Sikiliza sasa alichofanya Lwanga. Siku ile ile ya tarehe 15 Novemba, kiongozi wake akiwa amekwisha kuuawa, alikwenda kwa mapadre akaomba ubatizo. Siku ambayo mtu mwenye akili zake angekimbilia kwao kijijini, yeye ndipo alipojiandikisha. Akarudi ikulu akachukua nafasi ya marehemu: kuwafundisha vijana wa barazani, na kuwaondoa njiani wale wadogo kila Kabaka alipowatafuta. Kazi hiyo aliifanya kwa miezi sita. Wenye kuandika habari zake huwa wanakimbilia moto wa mwisho, lakini mimi naona miezi hiyo sita ndiyo migumu zaidi. Moto ni siku moja. Kumdanganya mfalme mwenye wapelelezi kila pembe, leo na kesho na kesho kutwa, ili mtoto wa mwenzio alale salama, ni jambo jingine kabisa.

Mwezi wa Mei 1886 Kabaka alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa, kwenye makao yake ya uwindaji. Tarehe 25 alirudi kutoka kuwinda viboko bila kupata kitu, hasira zimempanda. Akaita watumishi, hakuna aliyeitika. Akamuuliza kijana mmoja, Mwafu, mwana wa Katikiro, alikuwa wapi. Kumbe alikuwa akifundishwa dini na Denis Ssebuggwawo! Kabaka akamchoma Ssebuggwawo kwa mkuki, akaamuru milango yote ya uzio ifungwe asitoke mtu.

Usiku ule hakuna aliyelala. Lwanga akawakusanya wale waliokuwa hawajabatizwa bado, akawabatiza mwenyewe, kwa kuwa padre hakuwapo. Kati yao alikuwamo Kizito, mtoto wa miaka kama 14, mdogo kuliko wote. Alikuwa ameomba ubatizo mara nyingi akiambiwa asubiri. Inasimuliwa kwamba Kizito alikuwa na hofu, na Lwanga akampa ahadi kuwa saa itakapofika atamshika mkono.

Asubuhi ya tarehe 26 wakaitwa barazani mbele ya Kabaka. Amri ikatoka: wanaosali wasimame upande mmoja, wasiosali wabaki. Lwanga akatangulia kwenda, mkono wa Kizito uko mkononi mwake. Wakafuata wengine, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kati yao alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa kama mwana na Mukajanga, mkuu wa wauaji. Hebu fikiria mzee huyo, kazi yake ni kuua, na leo anamwona mtoto wa nyumbani kwake amesimama upande wa pili.

Ndipo ilipoanza ile safari ambayo mahujaji wanaikumbuka kwa miguu yao. Wakafungwa kamba, wengine wakavishwa minyororo na kongwa, wakapelekwa kutoka Munyonyo kupitia Mengo hadi Namugongo, mahali pa kuulia watu tangu zamani. Waislamu wengi nao walikuwa wameuawa mwaka 1876 kwa amri ya Mutesa kwa ajili ya imani yao, na hili tusilisahau tunapoyataja mambo haya. Padre Lourdel alikuwa amekimbilia Munyonyo kuomba huruma, hakupewa nafasi ya kumwona Kabaka. Akabaki kando ya njia akiwaona wanapita, hawezi lolote. Mmoja wao, Yakobo Buzabaliawo, akainua mikono yake iliyofungwa akamwonyesha mbinguni.

Ilikuwa desturi kuua mtu kwenye njia panda za kuelekea Namugongo. Kwa hiyo wengine hawakufika. Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki pale Ttakajjunge siku ile ile. Kesho yake Gonzaga Gonza, ambaye minyororo ilikuwa imemla vifundo vya miguu asiweze kutembea tena, akauawa Lubowa. Atanasi Bazzekuketta akakatwa vipande vipande Nakivubo, mahali alipouawa Balikuddembe. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alikuwa amekwisha kuuawa huko Munyonyo, na Matiya Mulumba aliachwa Old Kampala akiwa amekatwa viungo, afe polepole. Waliobaki walikaa Namugongo kama wiki moja wakiwa wamefungwa, huku kuni zikikusanywa. Wanasali, wanasikia mashoka msituni. Kuni zao wenyewe.

Tarehe 3 Juni 1886, Alhamisi, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, wakatolewa. Lwanga akatengwa na wenzake. Senkoole, mmoja wa wauaji, akamchukua kando akamchoma kwa moto mdogo kuanzia nyayo, ili akawie kufa. Inasimuliwa kwamba aliomba afunguliwe kamba ajipangie kuni mwenyewe, akazipanga, akalala juu yake. Hakulia. Neno lake la mwisho lilikuwa kumwita Mungu. Umri wake ulikuwa kama miaka 26.

Mbele kidogo wenzake walizungushiwa matete, kila mmoja kama mzigo, wakalazwa juu ya kuni na kuwashwa. Mbaga Tuzinde alipigwa kwanza shingoni ili asiungue akiwa hai. Hiyo ndiyo huruma pekee Mukajanga aliyoweza kuitoa. Wakatoliki waliokufa Namugongo siku hiyo, pamoja na Lwanga, ni 13, na Waanglikana nao walikufa katika moto huo huo. Watu watatu walirudishwa wakiwa hai dakika ya mwisho: Denis Kamyuka, Karoli Werabe na Simeoni Sebuta. Hao ndio waliokuja kutoa ushahidi wa waliyoyaona. Bila wao tusingejua hata nusu ya habari hizi.

Jumla ya wanaokumbukwa kama mashahidi wa Uganda ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale 22 walitangazwa wenye heri huko Rumi mwaka 1920, kisha watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 na Papa Paulo wa Sita. Mwaka 1934 Papa Pius wa Kumi na Moja alikuwa amekwisha kumtaja Lwanga msimamizi wa vijana wa Afrika. Paulo wa Sita mwenyewe akaja Uganda mwaka 1969. Kanisa kubwa la Namugongo, lenye umbo la nyumba ya Kiganda na nguzo 22, lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975, na limejengwa mahali pale Lwanga alipochomwa. Waanglikana wana mahali pao karibu na hapo, walipoungua wale wengine.

Labda mwenzangu utauliza: hapa Nyanchwa ni kilima cha Waadventista, mambo ya watakatifu yanatuhusu nini? Swali zuri. Mapadre wa Mill Hill waliofungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911 walifika Kisii wakitokea upande wa Uganda, wakati nchi yetu ilikuwa chini ya askofu wa Nsambya, Kampala. Kwa hiyo jina la Lwanga lilipandishwa milima ya Gusii na watu waliotoka kule alikofia. Ndiyo maana madarasani mwetu hapa haikosi Karoli mmoja au wawili, na Kizito pia, wengi wao hawajui jina lilitoka kwa nani. Mimi mwenyewe si Mkatoliki. Ila sijaona mahali popote katika vitabu vyetu vya historia ambapo mvulana wa miaka 14 alishikwa mkono namna ile.

Naye Mwanga? Alipinduliwa mwaka 1888, akarudi, akapigana na Waingereza, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1899. Huko mbali na kwao alibatizwa, akaitwa Danieri. Alifariki mwaka 1903, na mwaka 1910 mwili wake ukarudishwa kuzikwa Kasubi karibu na baba yake. Hofu yake ilikuwa watu watakaotoka mashariki kupitia Busoga. Kila mwezi wa Mei wanapita hapo hapo, kwa maelfu, wanachechemea, wanaomba maji milangoni mwa watu, na Wasoga wanawapa.